Lakabu na Kasi ya Kudhania

Wapo wenzetu wanaoamini kwamba kasi ya kompyuta ni bidhaa ya dukani. Mashine ikichelewa, dawa yao ni moja tu: nunua mpya. Ukiwauliza kwa nini programu mbili zinazofanya kazi ileile, juu ya mashine ileile, moja imalize kwa dakika moja na nyingine kwa dakika nne, watakutazama kama mtu aliyeuliza kwa nini mvua ni ya maji. Basi ndugu msomaji, nataka kukuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kasi hiyo haitoki kwenye chuma. Inatoka kwenye swali ambalo sisi watu wa nyanda za juu za Kigoma tumeishi nalo miaka mingi kabla hatujaona kompyuta: je, majina haya mawili ni ya mtu mmoja, au ni watu wawili?

Na nataka kugombana kidogo. Wataalamu wa fani hii wamelijibu swali hilo kwa namna ambayo siipendi, nao wamefanikiwa kuwaaminisha vijana wetu kwamba hakuna namna nyingine.

Nianze na majina. Anayeifahamu Mtabila, kule Kasulu, anakumbuka kambi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Bujumbura mwezi Oktoba 1993, Warundi walivuka mpaka kwa makundi makubwa wakaingia Kibondo na Kasulu, na Mtabila ikawa mojawapo ya makazi yao mpaka mwisho wa mwaka 2012. Palipo na kambi pana posho, na palipo na posho pana orodha. Karani wa orodha, hasa kama katoka mbali, alikutana na jambo ambalo halikuwa kwenye mafunzo yake. Kwa desturi ya Warundi, na kwa kiasi fulani ya Waha pia, jina la ukoo la kurithishana halipo. Kila mtoto hupewa lake. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata herufi. Papo hapo yapo majina yanayokwenda kwa mpangilio wa kuzaliwa. Pacha wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi. Mtoto wa saba huitwa Nyandwi, wa nane Minani, wa tisa Nyabenda, wa kumi Bucumi. Hesabu mwenyewe ni akina Minani wangapi wanaweza kuwamo katika kambi moja. Halafu mtu yuleyule ana jina la ubatizo, ana jina la nyumbani, na ana lakabu aliyopachikwa na wenzake kiwanjani.

Kwa hiyo karani alikuwa na hofu za aina mbili: watu wengi wenye jina moja, na mtu mmoja mwenye majina mengi. Hofu ya kwanza husumbua, lakini hutatulika. Unaongeza namba ya kadi. Ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa maana ndiyo hasa inayomsumbua karani mwingine anayekaa ndani ya kompyuta.

Karani huyo anaitwa kompaila. Mwandishi wa programu huandika maagizo kwa lugha ambayo binadamu anaweza kuisoma. Kompaila huyatafsiri kuwa lugha ya mashine. Lakini hatafsiri neno kwa neno kama mwanafunzi wa darasa la tatu. Kompaila wa siku hizi ni mfasiri mjanja. Akiona umeagiza jambo mara mbili bila sababu, atalifanya mara moja. Akiona hatua ya tano inaweza kutangulia ya pili bila kuharibu matokeo, ataipeleka mbele. Ujanja huo ndio unaoipa programu mbio. Nao wote unasimama juu ya sharti moja: awe na hakika kwamba anachokibadilisha hapa hakigusi kitu kule.

Hapo ndipo lakabu zinapomfunga mikono. Katika lugha kama C kuna kitu kinachoitwa pointa, yaani kielekezi. Pointa si kitu chenyewe. Ni anwani ya mahali kitu kilipo ndani ya memori, mithili ya kikaratasi kilichoandikwa "kablasha la tatu, droo ya chini". Hakuna kinachozuia vikaratasi viwili, vyenye majina tofauti, kuelekeza kwenye droo moja. Vikifanya hivyo, kila kimoja ni lakabu ya mwenzake.

Tuchukue mfano wa maharage. Kuna magunia mawili, A na B. Agizo linasema: tazama B lina kilo ngapi, ongeza kiasi hicho kwenye A, kisha fanya hivyohivyo tena. Kama A lina kilo 10 na B lina 3, mara ya kwanza A linafika 13, mara ya pili 16. Kompaila mjanja anaona njia ya mkato: kwa nini nilitazame B mara mbili? Nitalitazama mara moja, nizidishe kwa mbili nipate 6, niongeze kwenye A mara moja. Jibu ni 16, na kazi imepungua. Safi kabisa.

Lakini je, kama A na B ni gunia moja lenye lakabu mbili? Lina kilo 10. Kwa agizo la asili, mara ya kwanza linakuwa 20. Mara ya pili unalitazama tena, sasa lina 20, unaongeza 20, unapata 40. Kwa njia ya mkato unapata 30. Kilo kumi zimepotea, na hakuna mwizi. Kwa hiyo kompaila mwaminifu asiyejua kama A na B ni kitu kimoja hana budi kupita njia ndefu. Kila anapoandika kwenye A, lazima arudi kulisoma B upya, kwa kuwa huenda B limebadilika bila yeye kuambiwa.

Gharama ya kurudi kusoma upya ni ipi? Ndani ya prosesa kuna nafasi chache sana ziitwazo rejista, ambazo ni kama vidole vya mkono: kilichomo kinapatikana papo hapo. Memori ya jirani hudai mapigo manne au matano ya saa ya mashine. Memori kuu, ile ya mbali, inaweza kudai mapigo zaidi ya mia moja. Mara nyingi kinachosomwa upya kinakuwa bado kiko jirani, kwa hiyo nisiwatishe watu kupita kiasi. Kilio kikubwa kiko kwingine. Prosesa nyingi za leo zina uwezo wa kushika namba nane kwa pamoja na kuzijumlisha kwa agizo moja, kama mpagazi anayebeba ndoo nane kwa mti mmoja begani. Kompaila akishuku kwamba kuandika kwenye ndoo ya kwanza kunaweza kubadilisha kilichomo kwenye ya pili, hawezi kuzibeba pamoja. Atazibeba moja moja, kwa safari nane. Hapo ndipo dakika moja inapogeuka kuwa dakika nne, na mwenye mashine anapokwenda dukani kununua mpya, ambayo nayo itabeba ndoo moja moja kwa uaminifu uleule.

Nasema haya yana uzito kwetu kuliko kwa wenzetu wa ng'ambo. Nchi hii mwaka 1974 ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta pamoja na televisheni, na ubishi wa iwapo ile ilikuwa busara au woga nawaachia wanahistoria. Zilipokuja kuruhusiwa tulizipokea nyingi zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, tukaanza kubishana tuziite ngamizi au tarakilishi wakati watu walikwisha amua kuziita kompyuta. Mpaka leo katika ofisi nyingi za wilaya utaikuta mashine ya zamani inayotegemea umeme wa kukatika au betri ya sola. Mtu mwenye mashine kama hiyo hawezi kuidharau programu inayomaliza kazi kabla betri haijaisha. Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya: mimi ni mpenzi wa kasi. Wahenga waliosema haraka haraka haina baraka hawakupata kungoja ripoti ichapwe huku taa ya betri inawaka nyekundu.

Ugomvi wangu ni juu ya namna kasi hiyo inavyopatikana.

Zipo lugha zilizolimaliza swali hili mapema kwa kutoa amri. Fortran, iliyotolewa na kikundi cha John Backus pale IBM mwaka 1957, haikuwa na pointa kabisa kwa miaka mingi, na kanuni zake zinakataza jambo moja waziwazi: ukiipa kazi ndogo majina mawili ya kitu kimoja, usibadilishe kitu hicho kupitia jina mojawapo. Kompaila wa Fortran anaamini hivyo na kusonga mbele. Ndiyo maana wanafizikia na watabiri wa hali ya hewa waliendelea kuitumia lugha hiyo ambayo vijana huicheka. Hawakuwa wakaidi wala wazee tu. Ilikuwa inawashinda watu wa C mbio, mara nyingi kwa sababu hiihii ya lakabu.

C ilizaliwa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, mikononi mwa Dennis Ritchie, kwa ajili ya kuandikia mfumo wenyewe unaoendesha mashine. Kazi hiyo inahitaji kushika memori kwa mikono, na pointa ndizo mikono yenyewe. Kamati ya viwango ya Marekani ilipokaa kuiandikia C sheria, kukatokea pendekezo la kuongeza neno la kumwahidi kompaila kwamba pointa fulani haina lakabu. Mwaka 1988 Ritchie mwenyewe aliwaandikia kulipinga kwa maneno makali, akaona limetungwa vibaya na litawategea watu mitego, nao wakaliondoa. Miaka 11 baadaye, katika kanuni za 1999, wazo hilo lilirudi likiwa limenyooshwa, katika neno restrict. Mwandishi akiliweka mbele ya pointa anaapa kwamba, kwa muda wa kazi ile, kitu kile hakitabadilishwa kwa kupitia mlango mwingine.

Neno hilo silichukii. Mtu ameapa, kiapo chake kimeandikwa, kinaonekana kwenye ukurasa. Akiapa uongo tunamjua.

Ninachokichukia ni kile kingine kilichopita kimyakimya katika kanuni za 1989 na ambacho wengi hawakukitambua kwa miaka kumi. Kanuni zile zinasema, kwa lugha ya kisheria ya kuchosha, kwamba kitu kilichohifadhiwa kama aina moja kisisomwe kama aina nyingine, isipokuwa kwa herufi, yaani baiti, ambayo imeruhusiwa kugusa chochote. Waandishi wa kompaila wakachota humo hitimisho la faida: kama pointa moja ni ya namba kamili na nyingine ni ya namba zenye desimali, basi haziwezi kuwa lakabu. Hakuna haja ya kuuliza. Aina tofauti, kitu tofauti. Kompaila wa GCC aliwashiwa tabia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo kwa kawaida huifuata kila unapomwagiza aboreshe programu kwa kiwango cha pili, ambacho ndicho wengi hukitumia.

Nirudi kwa karani wetu wa posho ili uone ubaya wake. Karani anasema: huyu kwenye orodha ya kwanza ameandikwa mkuu wa kaya ya watu sita, na huyu kwenye orodha ya pili ameandikwa mgonjwa wa zahanati. Orodha ni za aina tofauti, kwa hiyo ni watu tofauti. Sina haja ya kulinganisha. Mara nyingi atakuwa sahihi! Hilo silikatai. Na kazi yake itakwenda upesi ajabu. Lakini siku mgonjwa wa zahanati ni yuleyule mkuu wa kaya, na zahanati imeandika kwamba amehamishiwa hospitali, karani ataendelea kuisoma kadi ya zamani aliyoikariri kichwani wala hatajua. Hatapiga kelele. Hataandika pembeni "hapa nina shaka". Posho itatoka kimakosa, na saini zote zitakuwa mahali pake.

Kompaila hufanya hivyohivyo, na nimeyaona kwa macho. Kijana mmoja niliyekuwa namsaidia aliandikia ofisi fulani programu ya kujumlisha mizigo ya wakulima. Alipokuwa akiijaribu mezani kwake, bila kuagiza uboreshaji, jumla zilitoka sawasawa. Alipoiandaa kwa matumizi halisi, kwa kiwango cha pili, baadhi ya jumla zikatoka sifuri. Alikesha siku mbili. Akiweka agizo la kuchapa namba katikati ili aichunguze, kosa linatoweka, akiliondoa, linarudi. Akaniambia, "Mwalimu, mashine hii ina pepo." Haikuwa na pepo. Alikuwa ameiandika jumla kwa vipande viwili vya nusu, kisha akaisoma kama namba nzima kupitia pointa ya aina nyingine. Kompaila akaona: nusu na nzima ni aina mbali mbali, haziwezi kuwa mahali pamoja, basi niisome nzima kwanza ndipo niziandike nusu. Akasoma sifuri iliyokuwemo tangu mwanzo.

Ukiwapelekea wakubwa wa fani malalamiko kama hayo, jibu lao ni lilelile. Kanuni inasema usifanye hivyo; umefanya; kwa hiyo programu yako haina maana yoyote kisheria, na kompaila yuko huru kufanya lolote. Lolote! Hili ndilo ninalolipinga kwa nguvu zangu zote. Ni kweli kijana alivunja kanuni. Lakini ni sheria gani duniani ambayo adhabu ya kuivunja ni kudanganywa kimyakimya na mtumishi wako mwenyewe, tena ambaye ana maarifa ya kutosha kukuonya? GCC anao uwezo wa kutoa onyo juu ya jambo hili, na hulitoa mara nyingine, lakini ana vipofu vingi, hasa pointa inapovuka kutoka faili moja kwenda jingine.

Wala mimi si mlalamishi wa kwanza. Kiini cha Linux, programu ambayo leo imo ndani ya kila simu ya Android kuanzia Kasulu mjini hadi Kibondo, hujengwa kwa swichi maalumu inayoizima kanuni hii ya aina. Linus Torvalds na wenzake waliamua hivyo zamani na hawajarudi nyuma. Hebu fikiri: mojawapo ya programu zinazotumika zaidi duniani imekataa kuishi chini ya kanuni ambayo vijana wetu wanafundishwa kwamba ni lazima. Na wanaotaka mfano wa michezo, watazame mbinu maarufu ya kukadiria kinyume cha kipeuo cha pili iliyomo katika mchezo wa Quake III Arena wa mwaka 1999: inaichukua namba ya desimali na kuisoma kama namba kamili kupitia pointa. Ni mbinu iliyosifiwa na walimu wengi, na kwa kanuni hiyo ni haramu tupu.

Mwaka 2010 yalitokea mengine ya jamii hiyohiyo. Maktaba ya msingi ya Linux ina kazi mbili za kunakili memori. Ya kwanza inadai uape kwamba unapotoa na unapopeleka hapagusani. Ya pili haidai kitu, inaangalia yenyewe. Kwa miaka mingi ya kwanza ilinakili kutoka mbele kwenda nyuma, na waliovunja kiapo hawakudhurika. Kisha wakaibadilisha inakili kutoka nyuma kwenda mbele kwa baadhi ya prosesa, ili iende kasi. Watumiaji wa Fedora 14 wakasikia sauti za video zikikwaruza, kwa kuwa programu ya Flash ya kampuni ya Adobe ilikuwa inanakili mahali panapogusana. Watunzaji wa maktaba wakajibu kama ilivyo ada: kosa ni la Flash, kanuni inasema. Torvalds akaingia kwenye ubishi akiuliza mtumiaji wa kawaida anafaidika nini na jibu hilo. Hatimaye maktaba ilipanga kwamba programu za zamani zipewe ile kazi inayoangalia yenyewe, na mpya zipewe ile ya kiapo. Nawapongeza kwa mwisho huo, ingawa walichelewa.

Upande wa pili una hoja, nami sitaificha. Wanasema: ukimtaka kompaila ashuku kila pointa, umeirudisha dunia kwenye ndoo moja moja. Mbio zitapotea, na umeme utapotea pamoja nazo. Tena wanasema, mwandishi asiyeifahamu kanuni ya lugha yake hastahili kuhurumiwa, kama dereva asiyejua alama za barabarani. Hoja ya kwanza ni nzito. Ya pili ni ya kiburi, kwa sababu alama za barabarani zimesimikwa barabarani. Hii imefichwa ndani ya kitabu cha kurasa mamia, katika aya ambayo hata wanaoifundisha huisoma kwa kubishana.

Na hoja ya kwanza yenyewe ina jibu, tena jibu ambalo waandishi wa kompaila wanalo mfukoni tayari. Kompaila wa siku hizi, akikuta mzunguko wa kujumlisha safu ndefu za namba na hajui kama safu hizo zinagusana, anaweza kuandika njia mbili: ya haraka na ya pole. Programu inapofika mlangoni inalinganisha anwani. Kama safu hazigusani, inapita ya haraka kwa ndoo nane; zikigusana, inapita ya pole. Ulizo hilo linagharimu mapigo machache tu, mara moja, kabla ya maelfu ya mizunguko. Ni sawa na karani anayemwita mtu mlangoni na kumuuliza, "Wewe ndiwe Bukuru wa kadi ile?" kabla ya kugawa gunia la kwanza. Kama safu ni fupi sana, ulizo haliwezi kulipa, nakubali. Lakini palipo na kazi kubwa, ambako ndiko mbio zinakohitajika, kuuliza si uzembe.

Njia nyingine wameionyesha watu wa lugha ya Rust, iliyofikia toleo lake la kwanza kamili mwaka 2015. Wao wamesema: kitu kinaweza kuwa na wasomaji wengi kwa wakati mmoja, au mwandishi mmoja, lakini si vyote viwili. Kanuni hiyo inafanana na ya Fortran, ila hapa kompaila hamwamini mtu kwa maneno. Anakagua kabla programu haijaenda popote, na ukikosea anagoma kuitafsiri na kukuonyesha mstari wenyewe. Ahadi iliyokaguliwa ndiyo anayoitumia kukimbia. Jambo la kuchekesha, na la kufundisha, ni kwamba watu hao walipojaribu kuipeleka ahadi hiyo kwenye mtambo wa LLVM unaowatengenezea lugha ya mashine, waligundua mtambo una makosa. Lugha za zamani zilikuwa zimetoa ahadi hiyo mara chache mno kiasi kwamba hakuna aliyeyaona. Walilazimika kuizima na kuiwasha zaidi ya mara moja, mpaka mwaka 2021 ilipotulia. Wakati wote huo programu za watu zilikwenda polepole kidogo, lakini zilikwenda sahihi. Walichagua upande wangu, ingawa hawanijui.

Sasa mtu ataniuliza, wewe wa Kasulu, mambo ya kamati za Marekani yanakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu hatuandiki programu za kuchora picha tu. Tunaandika za orodha za watu. Mwaka 2012, tarehe 1 Agosti, Warundi wengi wa Mtabila waliondolewa hadhi ya ukimbizi, na kufikia mwisho wa Desemba wapatao 35,000 walikuwa wamerudishwa Burundi na kambi ikafungwa. Kabla ya hapo watu walihojiwa, na waliokutwa bado wanahitaji ulinzi walibaki, wakahamishiwa Nyarugusu. Leo pale Mtabila wapo vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Hoja yangu haihusu iwapo uamuzi ule ulikuwa wa haki. Hilo lina kitabu chake. Nataka uone tu nini kilikuwa kimebebwa na mstari mmoja wa orodha: kubaki au kuvuka mpaka, pamoja na watoto, kwenda kwenye shamba ambalo huenda mtu mwingine alikuwa amekwisha kulilima kwa miaka 19. Katika kazi ya namna hiyo, karani anayesema "orodha za aina tofauti, watu tofauti, sina haja ya kuuliza" hastahili kusifiwa kwa wepesi wa mkono. Na programu itakayochukua nafasi ya karani huyo, kwani imekwisha kuichukua katika ofisi nyingi, isitafsiriwe na kompaila mwenye tabia ileile.

Kwa hiyo walimu wa vyuo vyetu wanisikilize, hata kama watanuna. Fundisheni lakabu katika muhula wa kwanza wa C, siyo kama tanbihi ya mwisho kwa wale wanaotaka shahada ya pili. Mpeni mwanafunzi lile agizo la magunia mawili, mwache apate 40, kisha mwache apate 30, na msimwambie sababu mpaka alale nalo usiku mmoja. Mfundisheni kuandika restrict mahali anapoweza kuapa na kuthibitisha, na kuliacha mahali asipoweza. Anapotaka kuigeuza namba ya aina moja kuwa ya nyingine, mfundisheni kuinakili baiti kwa baiti kwa ile kazi ya kunakili memori. Kanuni inaruhusu, na kompaila mzuri huifuta gharama yake yote. Na mtu asimwambie mwanafunzi kwamba "kompaila anajua". Kompaila hajui, anadhania, na kudhania kwake kumeandikwa na watu wanaoshindana nani atatangaza namba kubwa zaidi kwenye mashindano ya kasi.

Mimi kwa upande wangu nimekwisha kujiwekea utaratibu. Programu inayochora ramani au kuchuja picha ya anga naiacha ikimbie kwa kila dhana inayoitaka, maana nukta moja ikikosewa rangi hakuna atakayelala njaa. Inayogusa majina ya watu naijenga kwa ile swichi ya Linux, na hayo mapigo machache ya ziada nayalipa mimi.